Majengo ya Virginia City Baada ya Moto

Mji wa Virginia City, jimboni Nevada, Marekani, ulizaliwa na madini ya fedha ya Comstock yaliyogunduliwa mwaka 1859, lakini sura ya mitaa yake ya biashara ilitokana zaidi na moto wa Oktoba 1875, ulioteketeza nyumba nyingi za mbao na kuwafanya wenye maduka wa Mtaa wa C wajenge upya kwa matofali na nguzo za chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Jengo linalostahili kutazamwa kwa makini kuliko yote ni mahakama ya Kaunti ya Storey, iliyokamilika mwaka 1877, ambayo sanamu yake ya Haki, kinyume cha desturi, haikufungwa kitambaa machoni.