Wimbo wa Kale na Wimbo Mpya



Wapendwa taifa la Mungu, katika parokia nyingi umo mvutano wa kimyakimya. Wazee husikitika kwamba nyimbo za Kilatini zinazikwa pamoja na wale waliozijua. Vijana wa kwaya nao huona kwamba wimbo usio na kinanda wala ngoma ni wimbo uliokufa. Juma hili natamani tuitazame historia, kwa sababu wamo ndani yake watu walioupokea wimbo wa kale na kuutunga ulio mpya.

Kwetu Katavi, historia hiyo inaanzia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walianzisha kituo pale mwaka 1879. Mwaka 1885 kikakabidhiwa Mapadre Weupe, nao wakakigeuza kuwa misheni. Misa waliyoileta ilikuwa ya Kilatini, ikabaki hivyo hadi miaka ya 1960. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, Papa Pius wa Kumi aliutangaza wimbo wa Kigregori kuwa kielelezo cha muziki mtakatifu. Huo ni wimbo wa sauti moja. Haulazimishi ala yoyote, na mwendo wake huyafuata maneno ya sala.

Lakini je, muziki wa babu zetu ungebaki nje ya mlango wa kanisa? Swali hilo lilishughulikiwa na Mtanzania mwenzetu, Padre Stephen Mbunga wa Peramiho, huko kusini. Kama mapadre wote wa wakati wake, alilelewa katika Misa ya Kilatini. Ndiye aliyetunga Misa Baba Yetu. Mwaka 1963 alichapisha Uswisi kitabu chake, Church Law and Bantu Music, ambamo alizichambua nyaraka za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na kuzihusisha na muziki wa Kibantu. Angalieni hekima yake: hakuitupa sheria ya Kanisa ili aipate ngoma, wala hakuikana ngoma ili aitii sheria.

Mwaka huohuo, tarehe 4 Desemba, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Konstitusio juu ya Liturujia. Namba 116 inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Namba 119 inaagiza kwamba muziki wa mataifa ya misheni uheshimiwe na kupewa mahali pake katika ibada. Namba 54, ambayo wengi wetu tumeisahau, inataka waamini waweze kusema au kuimba pamoja kwa Kilatini pia zile sehemu za Misa zinazowahusu. Mwaka uliofuata, 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, na utenzi wa kuimbwa ambao Mganda Joseph Kyagambiddwa aliwatungia mashahidi hao ulisikika Roma. Papa huyohuyo, mwaka 1974, aliwapelekea maaskofu kijitabu cha nyimbo nyepesi za Kilatini, Jubilate Deo, ili waamini wasizipoteze.

Basi, wanaotumia Mtaguso kuifukuza ngoma wanakosea, na wanaoutumia kukizika Kilatini wanakosea vilevile. Hatari kwetu ni kwamba wimbo hukaa kooni mwa mtu. Mwenye koo hilo akifariki kabla ya kufundisha, kitabu peke yake hakitaurudisha kwa urahisi.

Kwa hiyo nawasihi wanakwaya: mwendeni mzee mmoja, mjifunze kwake Kyrie, Sanctus, Agnus Dei na Salve Regina. Ninyi wazee wetu, ngoma inapolia wakati wa matoleo, msikunje nyuso. Pigeni makofi pamoja na wajukuu wenu. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, Bwana anamsifu mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale. Hakusema achague kimoja.

Mtakatifu Sesilia, utuombee.