Kuirejesha Kompyuta Katika Hali Yake Njema

Katika miaka hii kumi ya Chama chetu, daftari la wino limeiachia nafasi kompyuta, mjini na mashamba. Uzito wa mwani, akiba ya mwanachama na mkopo alioupokea vyote huandikwa humo. Kwa hiyo mtambo uharibikapo, mkulima hulileta swali moja tu: hesabu yangu i wapi?

Swali hili lina historia yake Unguja. Mwezi wa Mei mwaka 2008 umeme utokao bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, ukakosekana karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi hata Machi 2010. Jenereta zikanguruma katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na maji nayo yakawa tabu, kwani pampu hazikuwa na umeme. Basi kompyuta izimikapo ghafla hali inaandika, huenda mafaili inayoyategemea ili kuwaka yakaharibika, na kesho yake ikakataa kufunguka.

Dawa ya maradhi hayo ilikwisha kuingizwa katika Windows tangu mwaka 2000, ikaenea kwa Windows XP ya mwaka 2001. Kabla ya kupokea programu mpya, mtambo huweka kumbukumbu ya hali yake ya siku ile. Ukiharibika baadaye, fundi huurudisha kwenye siku hiyo iliyokuwa njema. Ni kazi ya muda mfupi, nayo imeokoa kompyuta nyingi ambazo wenyewe walikwisha kuzikatia tamaa.

Lakini hapa ndipo wengi wadanganyikapo. Kinachorudishwa ni programu na mipangilio ya mtambo. Barua na hesabu haziguswi: orodha ya wanachama iliyofutwa jana haitarudi kwa njia hii. Tena kumbukumbu yenyewe imo ndani ya diski ile ile. Diski ikifa, vyote vimekwenda pamoja. Na katika kompyuta nyingi za siku hizi kinga hii huja imezimwa, mpaka mwenyewe aiwashe.

Visiwani petu twajua maana ya kuweka mali mahali pawili. Tarehe 15 Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na zao likaendelea kutoka huko. Hata leo Pemba ndiyo itoayo karafuu nyingi zaidi.

Nakala ya daftari la wanachama nayo haina budi kuwa na Pemba yake: diski nyingine, katika nyumba nyingine, wala si mtoto wa meza ile ile iliyobeba kompyuta. Na makarani waifungue na kuisoma kabla msimu haujaanza, wasingoje siku ya malipo, wakulima wakiwa wamepanga foleni mlangoni.