Pambo la Ukumbi Lilikuwa la Nani?

Ndugu zangu, katika familia zetu hapa Maskati haupiti mwaka pasiwe na mtu anayehamia nyumba mpya, na kila anayehamia hukutwa na mas-ala yale yale. Mafundi wamekwisha ondoka, rangi imekauka. Sasa ukumbi upambwe vipi, na vile vitu vya wazee vilivyokuja makashani viwekwe wapi? Wengi hujibu upesi: majlis, wageni wapate kuviona. Mimi niliyesomesha tarekhe miaka mingi naona jibu hilo limesimamisha mambo kichwa chini miguu juu.

Tutazame Lamu, ambako nyumba za mawe za karne ya 18 zingaliko na watu wanaishi ndani yake. Mgeni hukuta kwanza daka, kibaraza cha mlangoni chenye mabaraza ya mawe ya kukalia. Kisha kiwanda, yaani ua lililo wazi. Kisha misana miwili, wa chini na wa juu. Na mwisho chumba kiitwacho ndani, ambacho ni cha mama wa nyumba. Kila ukiingia, sakafu hupanda kidogo, na kila sakafu inapopanda mapambo huzidi. Huko ndani ndiko kuliko na zidaka: ukuta mzima wa vijishubaka vya chokaa iliyochongwa, safu juu ya safu, vikapangwa misahafu na sahani na mabakuli ya kaure kutoka China. Bibi arusi alipoonyeshwa kwa wanawake wenziwe, alikalishwa mbele ya ukuta huo. Yaani kilicho bora kabisa katika nyumba hakikuwa cha mpita njia. Kilikuwa cha wenyewe. Watu wakiamini pia kuwa kaure hukinga husda, na sahani ikipasuka yenyewe husemwa imebeba jicho la mtu. Hilo nalisimulia tu.

Na zidaka hazikuwa anasa peke yake. Vyumba vile vina upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu boriti ya mkoko haistahimili dari ya mawe na chokaa zaidi ya hapo. Katika chumba chembamba namna hiyo kabati ni adui wa goti. Pambo halina budi kuingia ukutani. Boriti hizo hizo za Lamu na za Rufiji zilipakiwa majahazini zikaletwa Oman na Ghuba yote, ambako huitwa chandali, na ndiyo maana vyumba vya kale vya huku navyo ni virefu vyembamba, navyo vina mashubaka yake ukutani, rozana. Babu zetu wa pande mbili za bahari walipamba kwa kipimo cha mti mmoja.

Unguja mambo yalikuwa na fahari zaidi. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa 1844, bintiye Sayyid Said bin Sultan, ameyaeleza katika kitabu chake kilichotoka Ujerumani 1886 kwa jina lake la ndoa, Emily Ruete. Anataja mashubaka yaliyopangwa vyombo vya kioo na kaure, na vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya. Picha hazikupendwa kwa ajili ya dini, lakini saa zilipendwa mno, hata nyumba moja ikawa na saa nyingi, nyingine juu ya vioo na nyingine ubavuni. Hapana shaka kila moja ilikuwa na wakati wake. Vyumba vya wanaume vilipambwa kwa silaha.

Baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika utawala na wengi wetu wakarejea, saruji na nondo ziliondoa amri ya boriti. Ukumbi wa mita 6 au 8 si ajabu tena. Majlis ikapewa mlango wake wa mbele, na humo yakaingia mazulia, taa za vioo na makochi ya rangi ya dhahabu, kisha ikafungwa kwa ufunguo, watoto wasichafue. Sala ya ndani, ambamo watu wa nyumba hula, husali na kugombana, ikaachiwa televisheni na makochi ya nyumba ya zamani. Sisemi mgeni adharauliwe. Chetezo, mrashi na dele la kahawa ni haki yake. Lakini nimeona wajukuu wa miaka kumi wasiojua kuwa nyumbani mwao mna bakuli la bibi yao mzaa bibi.

Mwaka jana binti wa ndugu yangu alimaliza nyumba yake huko Seeb, akaniuliza, "Ami, sahani za Bibi nizitie kabati la majlis?" Nikamwambia amwite fundi kabla ukuta wa sala haujapakwa rangi. Vikachimbwa vidaka sita, vya juu vidogo kuliko vya chini, mkabala na mahali watoto wanapofanyia kazi za skuli. Sahani tano zimo. Ya sita ingali imefungwa gazetini: ina ufa, na mamake hataki iwekwe wala hataki itupwe.