Nani ashike feza ya mzee aliyepotewa na akili?

Hapa Panda swali hili si geni. Mzee amefanya kazi miaka thelathini, leo hamjui hata mtoto wake. Nyumba iko kwa jina lake, pansio inaingia, na simu yenye feza iko mfukoni mwa mjukuu. Nani ana haki ya kutoa saini? Katika familia nyingi, jibu ni: mwenye nguvu. Sheria inajibu namna nyingine, lakini ilichukua njia ndefu mpaka kutufikia.

Tuanze na wakati wa mkoloni, Likasi ilipoitwa Jadotville. Dekreti ya tarehe 4 Mei 1895 iliweka sheria ya watu: ndoa, watoto, ulezi. Lakini sheria hiyo iliwahusu hasa wazungu na Wakongomani wachache walioandikishwa. Wengine wote waliachwa kwenye desturi. Katika desturi, mtu akipotewa na akili, jamaa walikaa pamoja, mjomba au kaka mkubwa akapewa mashamba na mbuzi kuviangalia. Ndugu walimwona kila siku, na aibu ya kula mali ya mgonjwa ilikuwa mlinzi.

Kisha Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ikaleta watu kutoka kila upande. Mfanyakazi wa Panda aliishi katika kambi, mbali na mjomba wake. Kampuni ilitoa nyumba, posho, hospitali na masomo. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameonyesha jinsi kampuni ilivyokuwa kama baba wa familia ya mfanyakazi. Ila baba huyo aliangalia mikono yenye kufanya kazi. Na mali ya mzee aliyekuwa amechoka akili haikuwa tena mbuzi mbele ya macho ya ukoo. Ilikuwa franga na karatasi.

Kwa Wakongomani wote pamoja, jibu lilikuja na Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987. Inasema mambo mawili yanayopaswa kutofautishwa. Mtu mzima aliyepotewa na akili kwa hali ya kudumu, hata kama siku nyingine anaelewa vizuri, tribinali inaweza kumzuia kufanya mapatano na kumpa mlezi. Kuanzia hapo mali yake inalindwa kama mali ya mtoto mdogo. Lakini yule aliyedhoofika tu kwa uzee au ugonjwa, au anayetapanya mali, hanyang'anywi kila kitu. Anapewa msaidizi, ambaye maavoka wanamwita kuratere, wa kusimama naye kwenye mambo makubwa.

Ndugu wengi wanategemea prokirasio. Hapa kuna mtego. Sheria ya mapatano, tangu dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema prokirasio inakufa pale aliyeitoa anapozuiliwa na tribinali. Na kidole kilichowekwa wino na mtu asiyeelewa anachofanya hakina ridhaa ndani yake. Karatasi kama hiyo inaweza kuvunjwa baadaye, hata kama nyumba imekwisha kuuzwa.

Je, kwa nini jambo hili linatuuma sana Likasi? Kwa sababu mara mbili mji huu umeona mali ya watu ikitawanyika haraka. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa, zikalala kwenye gare zikingoja treni. Wazee na wagonjwa walikuwa kati yao, na nyumba zikabaki nyuma. Tena kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wakapokea malipo ya mwisho kwa mkupuo. Feza nyingi inayokuja mara moja, nyumbani mwa mtu asiyeweza tena kuhesabu, inavuta mikono mingi.

Sheria imeendelea. Tarehe 15 Julai 2016 bunge lilirekebisha Sheria ya Familia, na ruhusa ya mume ambayo mke alipaswa kuiomba ikaondolewa. Mama mwenye mume mgonjwa wa akili leo anasimama kama mtu mzima kamili. Tarehe 3 Mei 2022 ikaja sheria ya kulinda watu wenye ulemavu.

Kwa ninyi mliokimbia vita mkafika huku na mzee asiyejua tena alipo: tafuteni karatasi ya daktari inayoeleza hali yake. Kaeni kikao cha familia, mwandike mali yote iliyopo, hata ile iliyobaki kijijini. Mume, mke au ndugu anaweza kupeleka ombi tribinali. Na anayeshika simu ya mzee aandike kila franga inayoingia na kutoka, mbele ya wengine. Mkoloni hakutufundisha daftari hilo la pamoja. Babu zetu walilifanya kwa macho, chini ya mti. Mzee hawezi tena kusema feza yake imekwenda wapi. Basi sisi tuweze kusema.