Kusi Pasipo Bahari: Msamiati wa Pepo na Maji kutoka Pwani hadi Karungu na Macalder

1. Utangulizi

Msamiati wa Kiswahili unaohusu pepo na maji ulikulia kando ya bahari yenye majira mawili makuu ya upepo na maji yanayojaa na kupwa mara mbili kila siku. Katika karne ya 19 na ya 20 msamiati huo ulisafiri kwenda bara pamoja na wasemaji wake, ukafika kwenye Ziwa Viktoria, ambako mwezi hauyavuti maji kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, na ambako upepo hubadilika kwa saa zaidi kuliko kwa majira.

Makala haya yanachunguza mambo yaliyoupata msamiati huo baada ya kufika ziwani. Eneo lililochaguliwa kuwa mfano ni Macalder, mji mdogo wa Nyatike katika Kaunti ya Migori, pamoja na ufuo ulio jirani nao wa Karungu na Muhuru. Macalder yenyewe haiko ufukoni. Iko bara kidogo, kusini-mashariki ya Karungu, karibu na mto Kuja unaomwaga maji yake ziwani. Hata hivyo maisha ya watu wake yamefungamana na ziwa, kwa uvuvi, kwa biashara na kwa mafuriko.

Hoja inayotolewa ni kwamba maneno ya pwani yalifika ziwani, lakini maarifa yaliyokuwa yamefumwa ndani ya maneno hayo yalibaki pwani. Pengo hilo kamusi sanifu hazikuliziba. Nalo si pengo la wanaisimu peke yao, kwa kuwa Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazotumiwa kuwaonya wavuvi juu ya dhoruba, na onyo lisiloeleweka ni sawa na onyo ambalo halikutolewa.

2. Mfumo wa pwani

Kwa mtu wa pwani, jina la upepo halitaji mwelekeo tu. Kaskazi hutaja miezi ya Novemba hadi Machi, joto, na kuwasili kwa vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi hutaja kipindi kinachoanza Aprili, mvua za masika zinazokuja mwanzoni mwake, na baridi ya kipupwe katika miezi ya Juni na Julai. Kati ya majira hayo kuna maleleji, wakati upepo usipokuwa na msimamo, na tanga mbili, wakati chombo kinapoweza kusafiri kwa kuelekea huku na huku. Demani ni mwisho wa kusi, upepo unapopungua nguvu. Chini ya pepo hizi kuu kuna pepo za siku: umande unaotoka nchi kavu alfajiri, na matlai utokao mashariki, ambao jina lake la Kiarabu linahusu mawio ya jua.

Majira haya yalihesabiwa kwa mwaka wa jua unaoanzia siku ya Nairuzi, ambayo mpaka leo huadhimishwa Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai. Siku za mwaka huo ziligawanywa katika miongo, yaani makumi ya siku, na manahodha walijua ni katika mwongo upi chombo kitwekwe na katika mwongo upi kibaki bandarini. Kusi ilipokaza, bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa. Jahazi la kwenda Arabuni liliondoka mwanzoni mwa kusi au lilisubiri demani.

Sababu ya kukaza huko sasa inajulikana vyema. Katika miezi ya baridi ya nusu ya kusini ya dunia, kingo za hewa baridi hupita katika ncha ya Afrika ya Kusini. Ukingo wa hewa baridi ni mpaka ambapo hewa nzito ya baridi huisukuma hewa ya joto mbele yake. Kingo hizo hudhoofika kabla ya kufika karibu na ikweta, lakini eneo la mgandamizo mkubwa wa hewa linalofuata nyuma yake hulisukuma wimbi la upepo kupitia mlango wa Msumbiji, na pwani ya Tanzania na Kenya huliona kama kusi iliyozidi. Manahodha wa zamani hawakuwa na ramani za mgandamizo wa hewa. Walikuwa na kalenda iliyowafikisha kwenye uamuzi ule ule.

Pamoja na upepo huo huja maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa katika bandari kama Mombasa au Unguja hupita mita 3. Katika siku za katikati maji huwa mafu, na tofauti hiyo hupungua. Kusi kali ikikutana na bamvua, mawimbi hufika mahali ambapo kwa kawaida hayafiki. Na mkondo wa maji ukienda kinyume cha upepo katika mlango wa bandari, mawimbi hupandana na kuwa mafupi yenye migongo mikali. Hivyo upepo, mwezi, maji na kalenda vilikuwa mfumo mmoja. Aliyetamka neno moja alikuwa ameyaita na mengine.

3. Safari ya kwenda ziwani

Wafanyabiashara wa pwani walifika Buganda mapema: Ahmed bin Ibrahim alifika katika mahakama ya Kabaka Suna mwaka 1844. John Speke alipoliona ziwa kutoka kusini mwezi wa Agosti 1858, alikuwa amekwisha kupewa habari zake na Waarabu wa misafara, waliolitaja kuwa ni bahari ya Ukerewe. Tendo hilo la kuita ziwa bahari ni la maana. Msamiati wa bahari ulikuwa umetangulia kufika machoni mwa watu kabla ziwa halijachunguzwa kwa tabia yake yenyewe.

Vyombo navyo vilifuata. Katika miaka ya 1870 Songoro, mfanyabiashara wa pwani, aliunda jahazi katika sehemu za Ukerewe, na wamisionari wa Kanisa la Uingereza walilinunua mwaka 1877. Tanga la pembetatu likaingia katika maji ambayo hapo kwanza yalikuwa ya makasia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mambo yalikwenda kwa haraka zaidi: meli ya William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, na reli kutoka Mombasa ikafika huko mwaka 1901. Karungu ikawa bandari ndogo na kituo cha utawala wa Kiingereza. Felix Oswald, aliyekuja kuchimbua mifupa ya wanyama wa kale huko Karungu mwaka 1911, aliufikia ufuo huo kwa meli kutoka Kisumu.

Macalder ilikuja baadaye kidogo. Dhahabu, na kisha shaba, ziliugeuza mji huo kuwa wa migodi katika zama za ukoloni, mpaka mgodi mkubwa ulipofungwa katika miaka ya 1960. Migodi ya Afrika Mashariki aghalabu iliwakutanisha watu wa lugha mbalimbali, na Kiswahili kilikuwa daraja lao. Lakini Kiswahili kilichofika kwa njia ya reli, mgodi, kambi na soko hakikuwa kile cha manahodha. Kilikuwa cha kuhesabu, kuamuru, kununua na kuuza. Neno kusi lilikuja, mwongo haukuja.

Ushahidi wa jambo hili upo katika maneno ya pande za dunia. Kaskazini na kusini ni majina ya pepo yaliyotiwa kiambishi -ni cha mahali: ni upande itokako kaskazi na upande itokako kusi. Mtoto wa shule wa Macalder anapojifunza maneno hayo anayataja majira ya Bahari ya Hindi bila kujua kwamba anayataja. Lugha ya nyumbani kwake, Kijaluo, ina majina yake: nyandwat kwa kaskazini, milambo kwa kusini, ugwe kwa mashariki na yimbo kwa magharibi.

4. Ziwa na kawaida zake

Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kwa wastani ni mita 40 tu. Maji yasiyo na kina kirefu juu ya eneo pana huinuka upesi yapigwapo na upepo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka, na upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Pepo za usiku kutoka fuo zote hukutana katikati ya ziwa na kuinua mawingu ya radi, ambayo hupasuka kati ya usiku wa manane na asubuhi. Mchana, upepo wa ziwani hupanda kuelekea milima ya Kisii na Kericho na kuzaa ngurumo za alasiri, mara nyingi pamoja na mvua ya mawe.

Hapa ndipo penye jambo lililo karibu zaidi na ukingo wa hewa baridi. Wingu la radi linapomwaga mvua, hewa iliyopozwa huporomoka, ikafika juu ya maji na kutawanyika kwa kasi mbele ya mvua yenyewe. Mvuvi huhisi baridi ya ghafla usoni, kisha upepo kutoka upande usiotazamiwa, kisha mawimbi. Muda kati ya dalili ya kwanza na hatari yenyewe unaweza kuwa dakika chache. Ukingo wa bahari ya kusini hutabiriwa siku kadhaa kabla. Huu wa ziwani huzaliwa na kufa katika usiku mmoja.

Si kwamba kusi haina maana ziwani. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya ziwa kweli, ukiyapoza maji na kuyachanganya ya juu na ya chini. Mvuvi anayeutaja upepo huo kuwa kusi hakosei. Kosa ni kudhani kwamba kusi ndiyo hatari kuu, kama ilivyo pwani, na kwamba ikipungua ziwa huwa salama.

Kijaluo kina maneno yanayogawanya mambo kwa kufuata tabia ya ziwa. Yamo ni upepo kwa jumla, koth ni mvua, apaka ni mawimbi, na nyakoi ni upepo wa kuzunguka unaoogopwa sana majini. Mwaka hugawanywa kwa mvua: chwiri ndiyo mvua kubwa, opon ndiyo ndogo, na oro ndicho kiangazi.

Mwezi nao una kazi, ila kazi nyingine. Pwani mwezi huyatawala maji. Ziwani huutawala mwanga, kwa kuwa omena, yaani dagaa wa ziwa, huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Kwa hiyo siku ambazo mtu wa pwani angetazamia bamvua la mwezi mwandamo, mvuvi wa Karungu yuko majini na karabai yake, katika saa zile zile ambazo mawingu ya radi hupasuka.

5. Kamusi na tahadhari

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Uamuzi huo ulikuwa na faida nyingi. Hata hivyo, kwa kuchagua lahaja ya kisiwa, wasanifishaji walichagua pia hali ya hewa ya kisiwa. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, bamvua, kupwa na kusi ni mambo ya bahari, na mtazamo huo ndio uliorithiwa katika kazi zilizofuata.

Matokeo yake yanaonekana katika neno kujaa. Mwaka 1961 mvua kubwa zilianza, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa mita 2 na nusu hivi. Mashamba na vijiji vya ufukoni vilimezwa, na maji hayakurudi kwa saa sita kama ya pwani. Yalichukua miaka mingi kushuka. Mwaka 2006 yalifikia kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa takriban miaka 80. Mwezi wa Mei 2020 yalipanda tena hadi kukipita kidogo kilele cha 1964, na katika majira hayo hayo Kuja ilifurika Nyatike na kuzihamisha familia. Ziwani, basi, kujaa na kupwa ni habari ya kizazi kizima. Mzee aliyeshuhudia 1964 angeweza kuonyesha mahali maji yatakapofika. Lakini maana hiyo ya neno haikupewa nafasi katika kamusi, na waliojenga ufukoni katika miaka ya ukame hawakuwa na neno la kuwakumbusha.

Kuhusu dhoruba, hali ni nzito zaidi. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani na idara za nchi za Afrika Mashariki walianza mradi wa HIGHWAY kwa ajili ya utabiri wa ziwa. Makadirio yaliyotajwa wakati huo yalikuwa vifo kati ya 3,000 na 5,000 ziwani kila mwaka. Mitambo iliboreshwa, na utabiri wenyewe ukaanza kugawanywa kwa maeneo na kwa vipindi vya siku. Lakini mwishoni mwa kazi yote hiyo kuna sentensi moja inayosomwa redioni. Sentensi ikisema kwamba upepo wa kusi utaongezeka, mtu wa Lamu husikia majira, mawimbi, mlango wa bandari na ushauri wa kubaki nyumbani. Mtu wa Muhuru husikia upande wa dunia. Na sentensi ikisema dhoruba, bila kutaja kwamba itatanguliwa na baridi ya ghafla, wala saa ya usiku itakapopasuka, imetaja hatari na kuacha dalili zake.

6. Hitimisho

Historia hii haionyeshi upungufu wa Kiswahili. Lugha iliyoweza kuyafunga mwezi, upepo na maji katika neno moja la baharia haiwezi kushindwa na ziwa. Inaonyesha kwamba neno husafiri kwa wepesi kuliko maarifa yake, na kwamba kamusi huweza kulihifadhi neno huku ikimwacha msemaji wa bara mikono mitupu.

Kazi inayowapasa wanaleksikografia ni bayana. Kusi, kujaa, kupwa na dhoruba zapaswa kupewa maana za ziwani kando ya zile za bahari. Maneno ya Kijaluo, Kisuba na Kikuria yanayotaja pepo na mawimbi yakusanywe, na yale yasiyo na mwenzi katika Kiswahili yapokewe, kama matlai ilivyopokewa kutoka ng'ambo. Kisuba kinastahili kutangulizwa, maana wasemaji wake wamekuwa wakihamia Kijaluo kwa vizazi kadhaa, na maneno yake ya ziwa yanapungua pamoja nao. Manahodha wa pwani walihitaji karne nyingi kuiunda kalenda yao. Wavuvi wa Karungu wanayo yao tayari. Kinachokosekana ni kuandikwa kwake katika lugha ambayo redio huwasomea.