Korongo la Nyakazu: Jina la Wajerumani na Watu Waliosahauliwa



Katika historia tumezoea kuzungumzia watu na miji. Safari hii tumeonelea tuzungumzie ardhi yenyewe, yaani makorongo, kwa sababu nayo inabeba habari za watu. Watoto wetu wa Mushasha, wa hapa Gitega na wa kule Muyinga, wanakutana vitabuni na picha za Grand Canyon ya Marekani. Lakini ukiwauliza habari za korongo lililomo katika nchi yao wenyewe, aghalabu watakutajia jina la Kifaransa, Faille des Allemands, maana yake Ufa wa Wajerumani. Jina hilo ndilo tunalotaka kulifungua leo, kwani ndani yake mna watu wanaotajwa, na nje yake wamebaki watu wengi zaidi wasiotajwa. Huenda baadhi ya hao wasiotajwa ni babu zetu.

KORONGO NI NINI?

Tusilichanganye na yule ndege mwenye miguu mirefu. Korongo tunalolisema hapa ni bonde jembamba na lenye kina, ambalo kuta zake zimesimama kama kuta za nyumba. Kwa kawaida hutokea kwa njia mbili, na mara nyingi njia hizo hushirikiana. Ya kwanza ni maji: mto hukata mwamba kidogo kidogo kwa muda mrefu mno. Ya pili ni ardhi yenyewe kupasuka, miamba ya upande mmoja ikasogea kuliko ya upande wa pili, kisha maji yakaingia katika ufa ule na kuupanua.

Grand Canyon ni kazi ya mto Colorado. Ina urefu wa kilomita 446, na kina chake kwenye baadhi ya sehemu hupita kilomita moja na nusu. Kule Tibet, korongo la mto Yarlung Tsangpo lina sehemu ambazo kina chake kinapita mita 5,000 ukipima kutoka vilele vya milima iliyo kandokando. Na jamaa zetu walioko Omani wanaufahamu Wadi Ghul, chini ya Jabal Shams, ambako ukisimama ukingoni unatazama chini karibu mita 1,000.

Sisi Burundi hatuna kina cha namna hiyo. Tunacho Nyakazu, na kwetu kinatosha.

NYAKAZU YENYEWE

Nyakazu iko kusini-mashariki mwa nchi, upande wa Rutana, mkoa ambao tangu mwaka 2025 umeingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Hapo ndipo milima ya Nkoma inapokatika ghafla. Unatembea juu ya nyanda za milima zenye baridi, mara ardhi inaisha mbele yako, na chini kabisa unaiona tambarare ya Kumoso, yenye joto, ikienea kuelekea mpaka wa Tanzania. Kati ya hapo ulipo na kule chini kuna mpasuko mkubwa wenye kuta za mwamba mgumu na miti iliyong'ang'ania mawe. Si mbali na hapo yako maporomoko ya Karera, ambayo maji yake hushuka kwa ngazi. Mwaka 2007 serikali ya Burundi iliyaweka maporomoko hayo pamoja na ufa wa Nyakazu katika orodha ya mahali inapotaka siku moja pakubaliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Mahali kama hapa panajieleza penyewe katika vita. Aliye juu anamwona kila anayekuja kutoka chini, na anayetaka kwenda chini lazima ajue njia. Na hapo ndipo inapoanzia habari ya lile jina.

WAJERUMANI WALIFIKAJE?

Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hii ilihesabiwa na wakubwa wa Ulaya kuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ingawa Mwami Mwezi Gisabo hakuulizwa wala hakukubali. Alipigana nao kwa miaka kadhaa. Mwaka 1903, kule Kiganda, alilazimika kutia mkataba na kapteni Robert von Beringe, kuutambua utawala wa Kijerumani na kulipa ng'ombe zaidi ya 400. Alifariki mwaka 1908. Mwaka 1912 Wajerumani waliuhamisha uongozi wao kutoka Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, wakauleta Gitega. Ndivyo mji wetu ulivyoanza kuwa mji wa serikali, zaidi ya miaka mia moja kabla haujatangazwa tena kuwa makao makuu ya nchi mwaka 2018.

Vita Vikuu vya kwanza vilipozuka mwaka 1914, Wajerumani wa huku walikuwa wachache. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yalichukua Kigali, na mwezi Juni yakaingia Usumbura na Gitega. Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mashariki, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Tabora nayo ikaanguka mwezi Septemba mwaka huohuo. Jina la Ufa wa Wajerumani limebaki kama kumbukumbu ya vita vile na ya majeshi yaliyopita na kujihifadhi katika magenge ya upande wa Nkoma.

LAKINI NI WAJERUMANI GANI?

Hapa, ndugu zetu, tusimame kidogo. Tukisikia "Wajerumani" tunapata picha ya majeshi ya Wazungu yamejipanga ukingoni mwa genge. Haikuwa hivyo. Vita vilipoanza, jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki nzima lilikuwa na Wazungu mia mbili na kitu tu, na askari Waafrika wapatao 2,500. Askari hao walitoka Sudan, pwani, Unyamwezini, Usukumani na kwingineko. Kambini walisemeshana kwa Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Upande wa Wabelgiji hali ilikuwa hiyohiyo: maofisa Wazungu wachache, na maelfu ya askari kutoka Kongo.

Na nyuma ya kila askari palikuwa na mpagazi. Katika njia za milimani hapakuwa na gari wala reli, na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Risasi, chakula, mahema na hata vipande vya mizinga vilisafiri juu ya vichwa vya watu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, wakiwemo watu wa milima hii yetu, na pande zote mbili zilifanya hivyo. Kwa upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa maradhi, njaa na uchovu.

Basi tukiuita Ufa wa Wajerumani, tumewataja wachache waliotoa amri, na tumewaacha wengi waliobeba bunduki na mizigo.

Tena ni lazima tuseme ukweli wote, hata pale unapouma. Askari hao hawakuwa mashujaa tu. Walipotumwa dhidi ya Mwezi Gisabo, ni wao waliokwenda. Wako Warundi ambao mababu zao walikimbia moto wa askari waliosema Kiswahili. Na baada ya vita, baadhi ya askari, wapagazi na wafanyabiashara walitulia karibu na vituo vya serikali, wakaoa, wakazaa, na humo zikatoka jamaa nyingi zinazoitwa za Waswahili katika miji ya nchi hii. Historia ya jamaa hizo ina mateso, na ina lawama. Anayeipenda jamaa yake huijua yote miwili.

MAJINA YA MAKORONGO MENGINE

Tusidhani jambo hili ni letu peke yetu. Karibu kila korongo maarufu la Afrika Mashariki lina kisa cha jina.

Kule kaskazini mwa Tanzania liko korongo linalojulikana duniani kwa jina la Olduvai. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alifika hapo mwaka 1911 akaondoka na mifupa ya kale, na jina likaingia vitabuni kama alivyolisikia yeye. Wamasai wenyewe husema Oldupai, na maana yake ni mkonge wa porini unaoota pale. Mwaka 1959 Mary Leakey aligundua hapo fuvu la kiumbe wa zamani sana, ambalo umri wake ulikadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Dunia nzima ikajifunza jina lenye kosa. Siku hizi Oldupai inazidi kuandikwa inavyostahili.

Kule Kenya, karibu na Naivasha, liko korongo la Njorowa. Hifadhi yake ikapewa jina la Kiingereza, Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, jina lililotokana na wasafiri wa Kizungu wa mwaka 1883.

Na kwenye mto Rufiji liko korongo lililoitwa Stiegler's Gorge, kwa jina la mhandisi wa Uswisi aliyeuawa hapo na tembo mwaka 1907. Wenyeji walikuwa wakiupita mto ule kabla yake kwa karne nyingi, lakini kifo cha mgeni mmoja ndicho kilichoandikwa kwenye ramani. Leo limejengwa hapo bwawa la umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na jina la zamani linasahaulika taratibu.

Kwa hiyo majina hubadilika, na anayeishika kalamu ndiye huamua.

Lakini kuna mfano mwingine unaotupa moyo. Dar es Salaam kuna soko na mtaa wa Kariakoo. Nairobi kuna Kariokor. Majina yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vilevile. Watu walilichukua jina la Kiingereza wakalitamka kwa ulimi wao, na likadumu. Kila anayekwenda Kariakoo kununua kitenge anawataja wapagazi bila kujua. Hapo hapakuhitajika amri ya serikali. Yalitosha mazoea ya watu.

TUFANYE NINI SISI?

Hatusemi jina la Wajerumani lifutwe. Jina nalo ni ushahidi, na ukilifuta unafuta pia swali lake. Tunachosema ni haya.

Kwanza, Nyakazu litangulie. Ndilo jina la mahali hapo kwa Kirundi. Mtoto alijue hilo kabla ya lile la Kifaransa, kama anavyolijua jina lake kabla ya namba yake ya shule.

Pili, tunapowasimulia watoto habari za Wajerumani na Wabelgiji, tuwatajie na askari na wapagazi. Anayekwenda na watoto Nyakazu au kwenye Makumbusho ya Taifa hapa Gitega, yaliyofunguliwa mwaka 1955, awaulize: nani aliibeba mizigo hii yote? Swali hilo moja litawafungua macho.

Tatu, na hili ndilo la haraka, tuwaulize wazee. Aliyeviona vita vya 1916 hayupo tena duniani. Lakini wapo bibi na babu waliosikia kwa wazazi wao: mzee fulani alitoka wapi, alikuja na kituo gani, aliliacha jina gani kwao. Akiondoka mzee huyo, hakuna kitabu kitakachorudisha alichokijua. Kaeni naye baada ya Alasiri, mtoto mmoja ashike daftari, aandike jina, mahali na habari, hata kama ni mistari mitano. Na mkisikia jambo la aibu, liandikeni vilevile. Deni la kweli halilipwi kwa kusifu tu.

Nne, ni nasaha ya usalama. Makorongo si mahali pa mchezo. Katika korongo la Njorowa mafuriko ya ghafla yaliua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019, kwa sababu mvua inaweza kunyesha mbali nanyi na maji yakawafikia hapo mlipo jua likiwaka. Mkitembelea Nyakazu au Karera, nendeni na mtu anayepajua, na watoto wasikaribie ukingo.

Ndugu zetu, mwamba wa Nyakazu ulikuwapo kabla ya Mjerumani, kabla ya Mbelgiji, na kabla ya askari wa kwanza kusema neno la Kiswahili katika milima hii. Hautatusimulia waliopita. Kazi hiyo ni yetu, na muda wake si mrefu.