Mgombea wa kati au mwenye msimamo mkali? Swali la vyama na funzo kutoka Laare

HUKU vyama vya kisiasa nchini vikijiandaa kwa uchaguzi mkuu wa Agosti 10, 2027, swali la zamani limerejea mezani: je, chama kimpe tiketi mwaniaji wa mrengo wa kati, anayekubalika na pande nyingi, au kimpe mwenye msimamo usioyumba, anayependwa mno na wafuasi sugu?

Katika mji wa Laare, eneobunge la Igembe Kaskazini, Kaunti ya Meru, swali hilo si la vitabuni. Mji huu huishi kwa miraa, na anayepewa tiketi ya chama chenye ufuasi mkubwa huwa tayari ameukaribia ushindi. Mwananchi asiyeshiriki kura ya mchujo huenda akajipata siku ya uchaguzi akiidhinisha tu uamuzi uliofanywa na wengine.

Maana ya maneno

Katika nchi za Magharibi, mgombea wa kati ni yule asiyeegemea sana upande wa wanaotaka serikali igawe mali, wala wa wanaotaka soko liachiwe huru. Mwanauchumi wa Marekani, Anthony Downs, alieleza mwaka 1957 kwamba palipo na vyama viwili, vyote huvutwa kuelekea katikati kwa sababu ndiko waliko wapigakura wengi. Mifano huungwa mkono na historia. Barry Goldwater, mwenye msimamo mkali wa kihafidhina, alibwagwa na Lyndon Johnson mwaka 1964, naye George McGovern wa mrengo wa kushoto akashindwa na Richard Nixon katika majimbo 49 kati ya 50 mwaka 1972. Hata hivyo, Ronald Reagan, aliyerithi siasa za Goldwater, alishinda mwaka 1980. Kwa hiyo, msimamo mkali si tiketi ya kushindwa kila wakati.

Nchini Kenya, neno "kati" lina maana tofauti. Mara nyingi halihusu itikadi bali humaanisha mtu anayeweza kuzungumza na jamii, maeneo na makundi yaliyohasimiana. Katika Meru, kwa mfano, mwaniaji wa ugavana huulizwa kwanza iwapo atakubalika kwa Waigembe, Watigania na Waimenti. Mwenye msimamo mkali naye hutambuliwa kwa uaminifu wake kwa kiongozi fulani wa kitaifa, au kwa suala moja asilotaka kulilegezea kamba.

Itikadi iliyozimwa mapema

Si kwamba Kenya haijawahi kuwa na siasa za itikadi. Mwaka 1966, Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia walijitoa KANU na kuunda chama cha Kenya People's Union (KPU), wakidai kwamba serikali imewasahau wasio na ardhi. Katika uchaguzi mdogo uliofuata mwaka huo, KPU iliambulia viti tisa pekee, na Kaggia mwenyewe akapoteza kiti cha Kandara. Chama hicho kilipigwa marufuku Oktoba 1969.

Tangu hapo, chini ya mfumo wa chama kimoja, uteuzi wa KANU ulikuwa ndio uchaguzi wenyewe. Kilele chake kilikuwa mwaka 1988, wapigakura walipopanga mlolongo nyuma ya picha za wawaniaji, na aliyepata asilimia 70 kwenye mchujo akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa.

Funzo la 1992 na 2002

Vyama vingi viliporejea, mjadala uliibuka upya. Chama cha FORD kiligawanyika mwaka 1992, na mojawapo ya mizozo mikuu ilikuwa kuhusu namna ya kumteua mgombea urais: Kenneth Matiba alitaka wanachama wote wapige kura, ilhali kambi ya Odinga ilitaka wajumbe. Naye Mwai Kibaki, aliyekuwa ameihama KANU Desemba 1991, aliwania kupitia Democratic Party (DP). Rais Daniel arap Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura, huku Matiba akipata 26, Kibaki 19 na Odinga 17. Karibu wapigakura wawili kati ya watatu walimkataa Moi, lakini yeye ndiye aliyerudi Ikulu.

Miaka kumi baadaye, upinzani ulibadili mbinu. Mnamo Oktoba 14, 2002, katika bustani ya Uhuru, Raila Odinga alitamka "Kibaki Tosha". Kibaki hakuwa mwanamapinduzi. Wakosoaji wake walimwona mtu mpole, asiyependa makabiliano. Lakini ni upole huo uliowawezesha vigogo waliokuwa wakishukiana kukaa chini ya mwavuli mmoja wa NARC. Alishinda kwa takriban asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru Kenyatta, ambaye Moi alikuwa amemchagua kuwa mrithi wake licha ya manung'uniko ndani ya KANU.

Katika nchi jirani ya Tanzania, CCM ilikumbwa na hali kama hiyo Julai 2015 mjini Dodoma. Edward Lowassa, aliyekuwa na ufuasi mkubwa, aliachwa nje mapema, na mvutano ukamalizika kwa kuteuliwa kwa John Magufuli, waziri ambaye hakuhesabiwa katika kambi kuu. Lowassa alihamia Chadema na kupata takriban asilimia 40, naye Magufuli akashinda kwa 58. Aliyeteuliwa kama mtu wa mwafaka baadaye alitawala kwa mkono mkali. Hivyo, mgombea kuwa wa kati wakati wa uteuzi si hakikisho la utawala wa wastani.

Sheria huamua mengi

Katiba ya 2010 yenyewe huwavuta wawaniaji wa urais kuelekea katikati. Mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika kaunti zisizopungua 24. Hakuna anayeweza kufikisha idadi hiyo kwa kutegemea ngome yake pekee.

Kwa viti vya ugavana, useneta na ubunge, mambo ni kinyume. Anayeongoza hutwaa kiti, hata akipata theluthi moja ya kura. Katika ngome ya chama kimoja, mwaniaji huhitaji tu kuwaridhisha wanaojitokeza kwenye mchujo, ambao kwa kawaida ni wafuasi sugu. Pengo hili ndilo huzaa malalamishi: anayewafurahisha wachache waliofika kwenye mchujo huenda asiwe chaguo la wengi waliobaki nyumbani au shambani.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inatambua njia mbili: mchujo wa moja kwa moja wa wanachama wote, na mchujo wa wajumbe. Njia ya pili ina gharama ndogo na hurahisisha mwafaka, lakini pia humpa mwenye fedha watu wachache wa kushawishi.

Meru yawaadhibu vigogo

Kaunti ya Meru imetoa mfano wa wazi wa kinachotokea vyama vinapodhani tiketi inatosha. Mwaka 2017, Kawira Mwangaza alichaguliwa mwakilishi wa wanawake akiwa mwaniaji huru. Mwaka 2022, akiwa tena bila chama, aliwania ugavana dhidi ya Mithika Linturi wa UDA na gavana aliyekuwa mamlakani, Kiraitu Murungi wa chama cha DEP. Mwangaza alipata zaidi ya kura 209,000, Linturi takriban 184,000 na Kiraitu karibu 111,000.

Siku hiyo hiyo, Meru ilimpa William Ruto wa UDA ushindi mkubwa katika kura ya urais. Wapigakura waliukubali ujumbe wa UDA wa kuinua uchumi kutoka chini, uliokaribia kuwa itikadi kuliko kauli mbiu nyingi za miaka ya karibuni, lakini wakaikataa tiketi yake ya ugavana.

Hata hivyo, ushindi wa mwaniaji huru ulikuja na gharama. Bila chama cha kumkinga katika bunge la kaunti, Mwangaza alikabiliwa na hoja za kumwondoa mwaka 2022, 2023 na 2024. Seneti ilimwokoa mara mbili na kuidhinisha kuondolewa kwake Agosti 2024. Mahakama Kuu ilidumisha uamuzi huo Machi 2025, na naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa kuwa gavana. Mpigakura anayekikwepa chama humpata kiongozi asiye na deni kwa vigogo, lakini pia asiye na jeshi bungeni.

Katika kaunti jirani ya Embu, uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini wa Novemba 27, 2025, ulionyesha jinsi ngome zinavyoweza kutikisika. Leo Wamuthende wa UDA alimshinda Newton Karish wa DP kwa kura zisizofika 500.

Laare na suala la miraa

Laare ina historia yake ya misimamo. Maoka Maore, akiwa mbunge wa Ntonyiri wakati wa serikali ya NARC, aliwasilisha bungeni mwaka 2004 stakabadhi zilizosaidia kufichua kashfa ya Anglo Leasing. Mwaka 2017 alichaguliwa mbunge wa Igembe Kaskazini kwa tiketi ya Jubilee, na mwaka 2020 akateuliwa naibu kiranja wa wengi, wadhifa ulioshikiliwa awali na Cecily Mbarire. Upepo ulipobadilika mwaka 2022, kiti kilimwendea Julius Taitumu wa UDA.

Lakini suala linalopima kila mwaniaji hapa ni miraa. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014. Somalia ilisimamisha ndege za miraa Machi 2020, na biashara ikarejea Julai 2022. Nyumbani, zao hilo liliingizwa katika Sheria ya Mimea mwaka 2016, ingawa Mei 2024 kaunti za Pwani, zikiwemo Mombasa na Kilifi, zilijaribu kupiga marufuku muguka, jamaa ya miraa inayokuzwa Embu.

Kuhusu miraa, hakuna mgombea wa kati mjini Laare. Hakuna anayeweza kusimama jukwaani akasema kwamba hoja za wanaoipinga zina uzito nusu kwa nusu, kisha atarajie kura. Na kwa kuwa wote husema maneno yale yale, ukali wa maneno haumtofautishi yeyote. Kinachotofautisha ni uwezo wa kuketi na wasiokubaliana naye: maafisa wa afya, magavana wa Pwani, na wajumbe wa Mogadishu. Ndege zilirejea Somalia kwa mazungumzo kati ya serikali mbili, si kwa matusi ya jukwaani.

Baraza la wazee la Njuri Ncheke limejulikana kwa muda mrefu kwa desturi ya kusikiza pande zote kabla ya kutoa uamuzi. Desturi hiyo haimaanishi kwamba mzee hana msimamo. Humaanisha kwamba msimamo wake hupimwa mbele ya watu.

Chama kifanye nini?

Historia inaonyesha kwamba kwa kiti cha urais, chama kinachomteua mtu asiyevuka mpaka wa ngome yake hujichimbia kaburi. Kwa viti vya mashinani, chama kinaweza kumteua mwenye msimamo mkali na kushinda, mradi msimamo huo ni wa wananchi wa eneo hilo, wala si wa mwenye chama Nairobi.

La msingi zaidi ni njia ya uteuzi. Meru haikumkataa mgombea wa kati wala mwenye itikadi. Ilikataa kuamuliwa. Katiba, katika Kifungu cha 85, humruhusu asiyekuwa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi kuwania akiwa huru, na chama kinachopuuza mlango huo hupoteza wafuasi kupitia hapo hapo.

Kwa mkulima wa Laare, maswali ya kumuuliza anayeomba tiketi ni mawili: ni jambo gani hutalilegezea hata ukiahidiwa wadhifa, na ni nani asiyekubaliana nawe ambaye bado atapokea simu yako? Wakati wa kuyauliza ni kabla ya mchujo, kwa sababu siku ya uchaguzi huwa majina yamekwisha kuchapishwa.